Mji gani njo mutamu? Bruxelles, Nairobi, Joburg na hapa kwetu



Kila mkutano wa mwezi, wakati mutunza-feza anahesabu kotizasio na sisi wengine tunangojea chai, mazungumzo yale yale yanaanzaka bila kuitwa. Mmoja anasema ku Bruxelles tramu ilikuwa inafika kwa dakika iliyoandikwa. Mwingine anamkata: "Bruxelles ni mvua tupu, papa. Joburg njo mji!" Yule wa Nairobi anacheka, anasema ninyi wote mlikuwa mnaishi kama mabubu, yeye alikuwa anakatisha bei sokoni na Kiswahili chake mwenyewe. Wa Paris anatengeneza kola ya shati, hasemi kitu, anangoja aulizwe. Saa ile tunaipenda. Ni kama kuonja tena chakula cha zamani.

Mwezi uliopita iliharibika. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi ya nyuma, ameleta barua ya kuomba kuingia katika chama. Mmoja wetu akamuuliza, kwa roho safi: "Na weye mama, ulikuwaka mji gani?" Akajibu: "Mwene-Ditu. Kisha Mbuji-Mayi." Watu wakatazamana. Mtu akasema chini-chini, lakini si chini ya kutosha: "Ile haina kurudi. Hakuvuka hata mpaka." Mama yule alizaliwa Likasi. Alitoka pale mwaka wa 1993 akiwa na miaka tisa, juu baba yake alikuwa mtu wa Kasai. Komite haikumpa jibu. Ilisema itaangalia kwanza statuti.

Sisi wa jarida tulikuwa tumeombwa tuandike historia ya miji ambako wanachama waliishi, ipate kufurahisha wasomaji. Tunaandika. Ila ile benchi ya nyuma imekataa kututoka machoni.

Tuanze na Bruxelles, kwa sababu wanaoisifu ni wengi, na kotizasio zao hazichelewi. Wanayosema ni kweli. Ni mji unaoweza kuuvuka kwa miguu. Una miti, una bustani ambamo mtu anakaa bila kununua kitu, una maktaba za bure, na ukiugua usiku hospitali hawakuombi kosio mbele ya kukugusa. Upande wa pili kuna giza la Desemba, saa kumi na nusu jioni taa zimekwisha kuwashwa, na jirani wa mlango kwa mlango ambaye miaka minne anakusalimu kwa kichwa tu. Wengine wetu tulipenda ule ukimya. Wengine ulitugonjesha.

Lakini mtu wa kwetu alifikaje kule? Mwaka wa 1897 mfalme Léopold II aliwaleta Wacongo 267 Tervuren, kando ya Bruxelles, wakawekwa katika vijiji vya mfano ili wazungu waje kuwatazama. Saba walikufa. Makaburi yao yako pembeni ya kanisa la Tervuren mpaka leo, na wanachama wetu wawili walikwenda kuweka maua pale. Mwaka wa 1958, kwenye maonyesho ya dunia, mji uleule ulijenga tena kijiji cha Wacongo chenye uzio, na kuna wageni waliowatupia chakula kama mtu anavyotupia nyama wa zoo. Wale watu walichoka na matusi, wakarudi nyumbani mbele ya maonyesho kufungwa. Mwaka uleule Ulaya ilikuwa inawapigia makofi Troubadours du Roi Baudouin, watoto wa Kamina, waliokuwa wakiimba Missa Luba. Makofi kwa hawa, uzio kwa wale, katika kipwa kimoja.

Miaka miwili baadaye, Januari 1960, wakubwa wetu wa siasa walikaa Bruxelles kwenye Meza ya Mviringo, na Kabasele na African Jazz walikuwako, wakatunga palepale Indépendance Cha Cha. Hiyo kila mtu anaijua. Wachache wanajua ya mwaka uliofuata. Mwaka wa 1961 ilifunguliwa Maison Africaine katika komine ya Ixelles, nyumba ya kulaza wanafunzi wa kwetu, maana wenye nyumba wengi walikuwa hawapangishi mtu mweusi. Wanafunzi wale walihitaji mahali pa kunywa bia, kisha mahali pa kunyoa, kisha mahali pa kununua samaki. Baa zikafunguliwa, saluni zikafuata, maduka ya Galerie d'Ixelles yakajaa, na watu wakaanza kuuita mtaa ule Matonge kwa jina la Matonge ya Kinshasa. Hakuna mzungu aliyekaa na ramani akaupanga.

Tuseme pia jambo ambalo kwenye mkutano hatulisemaka. Wengi wetu tunaosema "tuliishi Matonge" hatukulala pale hata usiku mmoja. Kodi ilikuwa juu. Tulilala Anderlecht, Molenbeek, wengine mbali zaidi, na Jumamosi tulipanda basi kuja Matonge kununua sombe na makayabu, kusuka nywele, kutoa likelemba, na kusikia kilio cha nani kiko wapi. Uzuri tuliousifia Bruxelles, nusu yake ilikuwa mle, katika barabara tatu. Na hata mle, kuweka jina la Lumumba kwenye kibao kulichukua miaka ya kuomba na kukataliwa. Ile skwea ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Ni ndogo, magari yanaizunguka. Lakini iko.

Paris tutapita haraka, na ndugu yetu wa kola atusamehe. Tunafikiri Paris inasifiwa kupita kipimo. Ina Château Rouge na soko la Dejean, ambako harufu ya samaki wa kukauka inakuambia umefika kwenu. Ina heshima ya wasapeur wa ng'ambo zote mbili za mto, watu waliokula mkate mkavu mwezi mzima ili wavae viatu vya Weston siku ya Jumapili. Mwaka wa 2000 Koffi Olomide aliimba Bercy, na hata sisi tuliokuwa Lubumbashi tulijiona tumesimama kwenye jukwaa lile. Ila ukiwauliza waliokaa kule wakueleze nyumba waliyolala, mazungumzo yanarudi kwenye viatu.

Nairobi ni habari nyingine, na hapa tutakaa kidogo, maana vijana wetu hawaijui, nao wanafikiri njia ya kutoka Katanga ilikuwa daima ya kwenda ku Mputu. Nairobi ulianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli, mahali Wamasai walipaita pa maji baridi. Mji wa reli, kama wetu ulivyozaliwa kwa reli miaka kumi na mmoja baadaye. Hali ya hewa inafanana na ya kwetu, mchana jua na usiku koti. Mwenzetu mmoja alituambia kilichomfunga Nairobi haikuwa kazi. Ilikuwa kuweza kugombana. "Ku Ulaya nilikuwa nakubali kila kitu, kwani Kifaransa cha kugombana na polisi sina. Ku Nairobi, konda akiniongezea nauli, namwambia."

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, aliyerekodiwa kwanza Jadotville mwaka wa 1952, alikwenda Nairobi na gitaa lake. Edouard Masengo naye akaenda. Walisikika redioni mpaka kwenye matangazo ya dawa na vinywaji, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza mtindo wa vidole kwa kusikiliza sahani zao. Kisha ikaja miaka ya 1970. Bendi iliyoanzia kwetu kwa jina la Super Vox ikapita Zambia, ikafika Nairobi mwaka wa 1974 na kujiita Super Mazembe, kwa zile mashini kubwa za kuchimba na kusukuma udongo. Mtu wa nchi ya migodi akitafuta jina la nguvu anachukua la mashini! Baba Gaston naye alikuwako, na mwaka wa 1976 wanamuziki wake walimwacha wakaanzisha Les Mangelepa. Maquis du Zaïre walikuwa wamekwisha kukaa Dar es Salaam. Kwenye maduka ya River Road sahani za watu wa kwetu ziliuzwa kama mkate. Mpaka leo kwenye arusi za Nairobi wakipiga Kasongo au Shauri Yako, wazee wanasimama, na ukiwauliza watakuambia hizo ni nyimbo zao. Tumeishi tukisikia hivyo na hatukukasirika. Ni kweli, zimekuwa zao.

Watu waliozipiga, je? Vibali vya kazi vilikuja kuwa vigumu, na bendi kadhaa zilikufa kwa makaratasi kuliko kwa kukosa wasikilizaji. Kwa wale waliofika baadaye, wakikimbia vita, Nairobi ilikuwa Kayole na Umoja, chumba kimoja cha mabati na kazi ya kutembeza vitenge. Mwaka wa 2014 serikali ilitoa amri wakimbizi wote wa mjini waende kambi za Dadaab na Kakuma. Wanachama wetu watatu walikuwa kule wakati ule. Walihama nyumba usiku, wakafundisha watoto kusema ni wa Kigoma. Kiswahili kilekile kilichowapa utamu wa kugombana na konda, sasa wakawa wanakinyoosha kisisikike cha Congo.

Tuje Joburg. Mtu wa Lubumbashi akifika Joburg hashangai sana, maana anaona mji wake uliokuzwa mara nyingi. Dhahabu ilionekana mwaka wa 1886 na mji ukaota juu yake, wenye vilima vya takataka za migodi kama ule mlima wetu mweusi wa shaba. Chakula hakitupi taabu: pap yao ni bukari yetu, imekosa tu mkono wa mama. Barabara ni pana, maduka yana kila kitu, na kutoka hapa mtu anaufikia kwa gari bila kuona ndege: Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Beitbridge, siku tatu-nne za vumbi na mihuri.

Wazaïrois walianza kufika wengi miaka ya 1990 mwanzoni, wakati mambo yalipoharibika kwetu na kwao mlango ulikuwa unafunguka. Daktari aliyepata kibali alikaa vizuri. Mwalimu alilinda magari kwenye parkingi ya supamaketi akiwa na diploma katika mfuko wa ndani. Wengi walikaa Yeoville, kuzunguka Rockey Street, na wengine katika Ponte, lile jengo la mviringo la ghorofa 54 lililosimamishwa mwaka wa 1975 kwa ajili ya wazungu, ambalo baadaye wazungu walilikimbia. Mwanachama mmoja alikaa pale juu sana. Anasema lifti ikikufa, watu wa ghorofa moja walipandisha maji pamoja kwa mstari, kila mtu ngazi yake, na mama mwenye mimba habebi. Ndani ya jengo ambalo magazeti yaliliita pango la wezi, yeye anakumbuka ule mstari wa ndoo.

Lakini Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika siku chache Joburg na miji mingine ya Afrika Kusini. Kosa la wengi wao: wageni. Kulikuwa na neno la kuwaita, makwerekwere, watu wanaosema maneno yasiyosikika. Mambo yalirudi mwaka wa 2015, na tena 2019. Wanachama wetu waliokuwako wanasema kwanza ilikuja lile neno, miaka mingi, likisemwa kwa kucheka kwenye taksi. Mawe yalikuja nyuma. Tukisimulia hayo kwenye mkutano, chumba chote kinatikisa kichwa: "Bantu babaya! Wamesahau tulivyosimama nao wakati wa apartheid!"

Hapo njo tunataka kusimama, wandugu, tugeuke tuangalie hapa.

Élisabethville ulianza mwaka wa 1910 reli ya Rhodesia ilipofika. Hakukuwa na "wenyeji wa mji", mji wenyewe haukuwako. Kulikuwa na vijiji, na shaba, na Union Minière iliyohitaji mikono. Mikono ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Rwanda na Burundi, na kwa wingi Kasai, hasa tangu reli ya BCK ilipounganisha Katanga na Port-Francqui mwaka wa 1928. Kwa kijana wa Kasai wa wakati ule, huku ndiko kulikuwa Bruxelles yake. Alisikia kuna nyumba za matofali, baiskeli, posho ya unga kila juma, sinema. Alipofika alikuta pia eneo tupu lililotenga mtaa wa wazungu na cité ya weusi, na kutotembea usiku bila karatasi. Desemba 1941 wafanyakazi walipodai mshahara, waliitwa uwanja wa mpira na askari wakawapiga risasi. Watoto wa kabila zote walianguka pale, wamechanganyika.

Kuna kitabu kimoja tunawaombeni mkitafute. Mwaka wa 1965 wazee waliokuwa maboyi wa wazungu katika mji huu, wakiwa katika chama chao kama sisi, walimpa André Yav kazi ya kuandika historia ya Élisabethville. Aliiandika kwa Kiswahili chetu hiki, kwa mashini, bila kungoja ruhusa ya mwalimu wa sarufi. Historia ya mji kutoka jikoni! Watu wale walijua kila bwana alikula nini na alimpiga nani. Ndiyo maana hatuoni haya kuandika katika jarida la karatasi nne.

Kwa hiyo, Lubumbashi na Likasi na Kolwezi ziliwapokea watu, kwa shida, na wao wakazifanya miji. Wakazaa, watoto wao wakazaa. Kisha ukaja mwaka wa 1992. Wanasiasa walikosana Kinshasa, na hapa kwetu neno likatoka kwenye vinywa vya wakubwa na kushuka mpaka kisimani. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Mwaka ule kule Likasi, na mwaka uliofuata kule Kolwezi, walitolewa nyumbani. Mamia ya maelfu waliondoka Katanga. Wengi walilala kwenye vituo vya reli, juma kwa juma, mwezi kwa mwezi, wakingoja gari-moshi la kwenda Mwene-Ditu. Watoto walikufa kituoni na njiani. Reli ileile iliyowaleta babu zao njo iliwarudisha mahali ambako wengi wao hawakuwahi kufika.

Baadhi yetu tulikuwa watu wazima wakati ule. Tuliona. Wengine tulinunua kwa bei ya bure meza, redio, mashini ya kushonea, ya jirani aliyekuwa anaondoka. Mmoja wa sisi tunaoandika haya bado ana kabati lile nyumbani. Miaka kumi na mitano baadaye, Joburg, majirani walikuja kununua vyake kwa bei ileile, na pale akakumbuka kabati.

Mama wa benchi ya nyuma tulimfuata nyumbani, Katuba, tukaomba radhi, tukanywa maji. Tulimuuliza lile swali letu la kila mwezi, safari hii tukitaka kweli kusikia jibu. Alisema Mbuji-Mayi hakuwahi kuzoea. Watoto wa kule walimcheka: Tshiluba chake kilikuwa cha kuokota, wakamwita Mkatanga. Aliosha vyombo vya watu, akasomesha wadogo wake wawili. Mwaka wa 2011 alirudi, akapita Likasi kuangalia nyumba ya baba yake. Mwenye kukaa mle alimpa kiti na hakuuliza jina. Mti wa maembe ulikuwako. "Muji mutamu?" akatuambia. "Paka Likasi. Miye sijue ingine."

Statuti tumeisoma. Kifungu cha tatu kinasema chama ni cha "waliorudi baada ya kuishi mbali na kwao". Neno mpaka halimo. Barua yake itasomwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mbele ya kuhesabu kotizasio, na kura itapigwa kwa kuinua mkono. Wanaokuja kutoka Ruashi na Kenya watoke mapema, barabara ina matope.